Mkono Chini ya Kitambaa

"Na ole wako uniangalie," Kitinda alimwambia kwenye simu asubuhi ile, akiwa amejifungia bafuni na bomba kalifungulia maji yamwagike ili nyumba nzima isisikie. "Ukiniangalia hata mara moja, Baba atajua."

"Atajuaje? Nitakuwa mgeni kama wageni wengine."

"Wewe humjui Baba. Tazama nguzo, tazama dari, mtazame Shangazi ukitaka. Mimi usinitazame."

Kijana alicheka kidogo. "Siku nzima napima macho ya watu, leo naambiwa nifiche ya kwangu."

Kitinda hakucheka. Hamu ya kucheka ilikuwa imemtoka tangu Shangazi alipokuja na ule mpango wake. Usiku alikuwa akijigeuza kitandani, mchana alishona mapazia ya watu yakaenda upande, akafumua, akashona tena, yakaenda upande uleule.

Kitinda lilikuwa jina la utani, kwa kuwa ndiye kitinda mimba, na lilimganda hata wateja wake wakawa hawajui jingine. Nyumbani walikuwa watatu: yeye, Baba, na Shangazi, mdogo wake Baba, mjane, ambaye ndiye aliyewalea watoto baada ya mama yao kufariki. Nasema watoto kwa sababu walikuwa wawili. Alikuwepo na dada mkubwa. Huyo alimpenda mtu ambaye Baba alimkataa, na asubuhi moja akaondoka naye bila kuaga. Baba alisimama sebuleni akasema, "Huyo sina tena." Basi. Picha zake zikashushwa ukutani, chumba chake kikawa stoo ya magodoro, na jina lake halikutajwa tena mezani. Kitinda alikuwa bado na sare ya shule. Siku ile alijua kwamba mtu anaweza kufutwa nyumbani kwao akiwa hai, mzima, anapumua.

Sasa naye amependa. Na amependa kimya kimya, vilevile kama dada yake. Hebu fikiria hofu aliyoibeba.

Kijana mwenyewe alikuwa fundi miwani. Walikutana siku Kitinda alipompeleka Shangazi kupimwa macho, na tangu siku hiyo Shangazi akawa na tatizo la miwani lisiloisha: mara imelegea, mara inambana masikio, ilimradi waende tena. Shangazi si mjinga, aliona mapema na akanyamaza. Ila fundi alipoanza kusema anataka kuwatuma wazee wake waje kuposa, Shangazi ndiye aliyeshtuka.

"Thubutu!" alisema. "Wazee wakija, swali la kwanza la kaka yangu ni moja tu: huyo kijana wenu kamjulia wapi binti yangu? Mtajibu nini? Mambo yatafia hapo hapo mlangoni, na wewe Kitinda utamfuata dada yako."

"Sasa tufanyeje, Shangazi?"

"Kaka yangu ni dalali. Kitu hakinunui mpaka akishike kwa mkono wake. Tumwache amwone kijana kwanza, amzoee, ampende yeye mwenyewe. Wakija kuposa atadhani wazo ni lake."

Na mahali pa kumwona palikuwa pamoja tu, Jumba la Mizani.

Jumba lenyewe lilikuwa katikati ya mji wa zamani, ule mji wa vichochoro vya mawe na maduka yaliyobanana mpaka mwenye duka la nguo anaweza kumpa chumvi mwenye duka la vyombo bila kuinuka kitini. Zamani hakuna mzigo ulioingia wala kutoka mjini bila kupita pale kupimwa. Siku hizi watu walikata tiketi getini wakaingia kuangalia mizani kubwa ya chuma iliyoning'inia darini, mabenchi ya mawe ya wafanyabiashara, na sakafu iliyochimbika kwa kuburutwa mizigo. Baba yake Kitinda alikuwa dalali wa mwisho aliyejua biashara ya zamani ya pale, na kila mwisho wa wiki mtembeza wageni alimwomba aje aonyeshe. Hakukosa hata siku akiwa na homa.

Siku hiyo walifika mchana. Nje jua kali, ndani giza la ubaridi, macho yanachukua muda kuzoea. Kitinda alipozoea tu, alimwona. Fundi miwani alikuwa amesimama chini ya mizani, shati jeupe limenyooshwa, anatazama dari kama alivyoagizwa. Moyo wa Kitinda ulimwenda mbio akadhani hata mtembeza wageni anausikia.

"Pumua, wewe," Shangazi alimnong'oneza. "Utadhani umeiba."

"Shangazi, turudi nyumbani. Mwambie Baba naumwa."

"Unaumwa nini?"

"Chochote."

"Kitinda, jikaze. Kijana wa watu kanyoosha shati."

Mpango ulianza vizuri, lazima niseme ukweli. Fundi alimsogelea Baba, akaamkia kwa heshima zote, "Shikamoo, mzee," akauliza habari ya zile pete za chuma ukutani. Mzee akaitikia marahaba, akamweleza. Kijana akauliza tena, swali zuri, lisilo la kujipendekeza. Muda si muda wawili wale walikuwa wakizunguka jumba bega kwa bega, Baba akinyoosha fimbo huku na kule. Kitinda aliona baba yake akitabasamu kwa mtu asiyemjua, jambo ambalo si la kila siku. Shangazi alimfinya kiunoni kwa furaha.

"Nilikwambia nini?"

Kitinda alianza kupumua. Alithubutu hata kumwangalia kijana kwa jicho la pembeni, akaona anavyoinamisha kichwa kumsikiliza mzee, akatamani kulia kwa jinsi anavyompenda.

Ndipo mtembeza wageni alipopiga makofi kuita watu wakusanyike. "Mabibi na mabwana, zamani hapa bei haikutamkwa. Muuzaji na mnunuzi walishikana mikono chini ya kitambaa, wakapatana kwa vidole, na aliyesimama pembeni hakujua kitu. Mzee wetu atatuonyesha. Nani atakuwa mnunuzi?"

"Huyu," Baba alisema, akamshika fundi begani. "Huyu ana masikio."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Kitinda peke yake ndiye aliyehisi damu imemsimama, kwa sababu ndipo alipokumbuka.

Ilikuwa hivi. Nyumba yao ilikuwa na alama yake. Watu wawili wa nyumba hiyo walipoingia sokoni wakijifanya hawajuani, mmoja akishaupata mkono wa mwenzake chini ya kitambaa alimkwaruza kwa ukucha wa kidole kidogo, mara mbili, chini ya dole gumba. Maana yake: usimpe mwingine, hiki ni cha nyumbani. Hata Shangazi hakufundishwa. Baba aliwafundisha binti zake wawili wakiwa wadogo, mmoja goti hili, mwingine goti lile, akawaapisha wasimwonyeshe mtu. Ndugu yake aliyejua alikuwa amekwisha kufa. Waliobaki ni yeye na wale wasichana.

Na Kitinda alimwonyesha mtu. Palipokuwa na watu, yeye na fundi walikuwa wakiagana kwa kupeana mikono kama wateja wa kawaida, na hapo ndipo alipomfundisha akwaruze, mara mbili. "Ni mchezo wa utotoni tu," alimwambia. Hakumwambia kingine. Kijana alizoea. Kila mkono wa Kitinda ulipotaka kumtoka, alikwaruza, hata bila kufikiri.

"Shangazi," alinong'ona, "Shangazi, wazuie."

"Niwazuie nini? Mambo yanakwenda kama maji!"

Baba alikwishatandika kitambaa cheusi juu ya mikono yao. Alikuwa na furaha, sauti imejaa jumba zima. "Mimi nauza robota la nguo. Huyu anataka. Kidole kimoja hivi, viwili hivi, ngumi ni kukataa. Haya kijana, toa bei yako."

Kijana alikuwa anatoka kijasho chembamba. Kitambaa kilitikisika. Baba akasema, "Ah! Unataka kunifilisi?" watu wakacheka. Kikatikisika tena. Kitinda alikuwa akimkazia macho fundi kwa nguvu zake zote, akitikisa kichwa, akitamka kwa midomo, usifanye, usifanye. Lakini fundi ni mtu wa kushika neno. Aliambiwa asimwangalie, basi hakumwangalia. Alitazama nguzo.

"Bei haifai," Baba alisema akigeukia watu. "Bei isipofaa, muuzaji anatoa mkono wake hivi, taratibu..."

Akaacha kusema.

Kitinda aliona uso wa baba yake ukibadilika. Tabasamu lilibaki mdomoni kwa muda lakini macho hayakuwa nalo tena. Mkono haukutoka chini ya kitambaa.

"Rudia," Baba alisema, polepole.

"Nini, mzee?"

"Ulichofanya sasa hivi. Rudia."

Na yule mpenzi wa watu, kwa adabu zake zote, akarudia.

Mzee alifumba macho. Mtembeza wageni akaingilia, "Enhe, biashara imekubalika?" Watu wakapiga makofi. Baba hakusikia hata kimoja. Alimvuta kijana, mikono ikiwa bado imefungamana chini ya kile kitambaa, akampeleka kwenye chumba cha nyuma walikokuwa wakipumzikia madalali. Kitinda aliwafuata mbio, Shangazi nyuma yake akishikilia miwani isidondoke.

"Kuna nini? Mbona kama kaka kaona jini?"

"Amejua, Shangazi. Nimekwisha."

Chumbani kulikuwa na dirisha moja dogo na benchi la mawe. Baba alimweka kijana ukutani. Kitinda alisimama mlangoni akingoja mlio wa kofi, au lile neno lenyewe, huyo sina tena. Alilingoja kwa miaka mingi, na sasa limefika, aliona hata midomo ya baba yake ikitetemeka kulitafuta.

"Yuko wapi?" Baba aliuliza.

"Nani, mzee?"

"Usinichezee, kijana, nina umri huu. Mwanangu yuko wapi? Ndiye aliyekutuma. Hakuna mtu duniani anayejua hicho ulichofanya isipokuwa mimi na wanangu. Amekutuma uje unitafute hapa, sivyo? Alijua nitakuwa hapa." Akamshika kwa nguvu zaidi. "Mzima? Niambie tu kama ni mzima. Ana watoto?"

Jamani. Kitinda alishika fremu ya mlango. Hakuwahi kumsikia baba yake akiomba. Mzee wake alikuwa amemshika yule kijana kwa mikono yote miwili sasa, kitambaa kimeanguka chini, na alikuwa anamwomba. Na aliyekuwa akimwulizia si Kitinda. Ni yule aliyefutwa.

Kwa mara ya kwanza siku ile, fundi miwani alimwangalia mpenzi wake. Alimwangalia moja kwa moja, macho yamejaa swali: nisemeje?

Shangazi, ambaye akili yake haichelewi, alikwishaelewa nusu. Alimvuta Kitinda kanga. "Nyamaza," alinong'ona sikioni. "Mwache aamini hivyo. Kijana aseme ndiyo, katumwa. Mimi najua dada yako aliko, tutayaweka sawa baadaye. Kaka atampenda huyu kijana maisha yake yote kwa kumletea habari. Kitinda, umeokoka!"

Ilikuwa kweli. Njia ilikuwa wazi, neno moja tu, ndiyo, na hata halikuwa la kusema yeye. Hofu yote ya miaka ingeishia pale. Alimtazama baba yake. Mzee alikuwa amekodoa macho midomoni mwa kijana, anangoja, uso umelegea kwa matumaini kama wa mtoto aliyeahidiwa kitu. Kitinda aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa, na bado akafungua mdomo.

"Baba. Hakutumwa na Dada."

Mzee hakugeuka mara moja.

"Mimi ndiye niliyemfundisha," Kitinda alisema. Machozi yalikuwa yakimtiririka, hakuyafuta. "Ni fundi miwani, mjini hapa hapa. Nampenda. Nilimfundisha alama ya nyumba na niliapa sitafanya. Dada hajui chochote. Nisamehe, Baba. Najua umefikiri ni yeye."

Baba alimwachia kijana. Alirudi kinyumenyume mpaka akalifikia benchi, akakaa kwa uzito. Nje wageni walikuwa wanacheka kitu kingine.

"Nilidhani nimempata mmoja," alisema akitazama viganja vyake. "Kumbe nampoteza wa pili."

"Hujanipoteza! Niko hapa, Baba."

"Muda gani?"

"Tangu Shangazi apate miwani."

Mzee aliinua macho, akamtazama mdogo wake na miwani yake. Shangazi akaivua akaanza kuifuta kwa kanga, ingawa ilikuwa safi.

"Mzee, kosa ni langu," fundi alisema. "Nilitaka kuja kwa mlango, na wazee wangu, kwa..."

"Wewe nyamaza. Zamu yako haijafika." Kisha kwa Kitinda, taratibu zaidi: "Kwa nini hukuniambia?"

"Nakuogopa."

"Nimewahi kukupiga mimi?"

"Hujanipiga. Nilikuona ukishusha picha zake. Nilikuwa nimesimama mlangoni kama nilivyosimama sasa, na sare ya shule. Ulizishusha moja moja, hukulia, hukupiga kelele, halafu ukaniita tukale. Tangu siku ile nikichelewa kurudi, nikivunja glasi, nikicheka na mtu dirishani, nafikiri leo atashusha na yangu. Naishi hivyo, Baba. Nimechoka."

Baba alijifuta uso kwa mkono, kuanzia paji mpaka kidevu, kama anayenawa bila maji.

"Hukuwahi kujiuliza nilizipeleka wapi?" alisema mwishowe. "Zipo kabatini kwangu, nyuma ya makoti. Nilisema neno mbele ya watu, nikawa sijui namna ya kulirudisha. Kila nikija hapa, mlango ukifunguliwa, natazama nani ameingia. Mnadhani nakuja kwa ajili ya wageni?" Akavuta pumzi. "Huyu kijana, wazee wake sitawapokea."

Kitinda alihisi chumba kinazunguka. Fundi miwani alimsogelea, hakumgusa, alisimama tu karibu aweze kumdaka.

"Sitawapokea," Baba aliendelea, "mpaka binti yangu mkubwa awe amekaa sebuleni kwangu. Siwezi kumwoza mdogo wakati mkubwa sijui kalala wapi. Hilo haliwezekani. Mtafuteni. Sijui mtaanzia wapi."

Shangazi alikohoa. "Namba yake ninayo."

"Tangu lini?"

"Kaka, tusianze."

Alikwishatoa simu kwenye pochi, miwani kaivaa juu chini. Kitinda akaichukua akatafuta namba mwenyewe. Ilikuwa imeandikwa Mama Mchele, ili mtu asijue. Baba aliona akatikisa kichwa. Kitinda aliweka sauti kubwa ili wote wasikie, akaishika simu kati yao, na wote wanne wakainama juu yake kwenye kile chumba chenye giza. Iliita. Iliita tena. Kitinda alikuwa anaomba kimyakimya asipokee, kwa maana je, akisema hataki? Akisema na yeye baba hana tena? Mapenzi yake yote, nyumba yake yote, vilikuwa kwenye ule mlio.

Ikapokelewa. Kwanza kelele za watoto, kisha mlango ukafungwa, kisha sauti ya mwanamke, nyembamba, imejaa woga mtupu.

"Shangazi? Mbona unanipigia wewe? Tulikubaliana mimi ndiye nipige, wewe usipige mpaka..." Ikakatika, ikarudi kwa kilio. "Baba amekufa? Shangazi, niambie. Baba amekufa?"

Shangazi alijifunika mdomo kwa kanga. Mzee akanyoosha mikono yake miwili, akaipokea simu, akaisogeza mdomoni karibu kabisa.

"Bado," alisema. "Bado, mwanangu. Njoo nyumbani kabla sijafa."